Uzamili wa mawasiliano ya kiufundi ukiwa Mwanza: Malimbe, mtandaoni au ng'ambo?

Kazi ya uandishi wa kiufundi ipo kando ya ziwa letu kwa miaka mingi, ila mara nyingi haina jina lake kwenye mlango wa ofisi. Kiwanda kinachosafirisha minofu ya sangara kwenda Ulaya hakiwezi kupakia shehena bila taratibu za usafi zilizoandikwa, fomu za joto zinazojazwa kila zamu, na maelekezo ambayo mkata minofu wa usiku anayaelewa bila kumwita msimamizi. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipofunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyokuwa ikitumika kuvulia, viwanda vya Mwanza vilijifunza kwa uchungu kwamba karatasi ni sehemu ya samaki. Huko Bugando na kwenye vituo vya utafiti wa afya, kuna mtu anayeandika fomu ya ridhaa ambayo mama kutoka Magu anapaswa kuielewa kabla ya kutia dole gumba. Geita na Bulyanhulu wachimbaji hushuka chini wakiongozwa na taratibu za usalama ambazo lazima mtu aziandike. Ukiriguru, utafiti wa pamba hauna maana mpaka umfikie mkulima kwa maneno yanayotekelezeka shambani.

Wengi wanaofanya kazi hii ni wahandisi, wauguzi, walimu wa Kiingereza na waandishi wa habari walioombwa tu "waweke sawa hizo nyaraka". Wakitaka kwenda mbele zaidi, wanaanza kutafuta shahada ya uzamili. Ukiwa Mwanza hutaikuta kwa jina la mawasiliano ya kiufundi. Njia zilizopo ni tatu: usome mawasiliano ya umma hapa Malimbe, kwenye chuo kikuu cha SAUT, na kuyapinda kuelekea unakotaka, usome programu yenyewe kwa mtandao kutoka chuo cha nje huku ukiendelea na kazi, au uondoke ukakae chuoni ng'ambo, ikiwezekana kwa ufadhili. Iko pia ya nne, ya kutosoma shahada kabisa, nayo nitaigusa kwa sababu kuna watu inayowafaa kuliko hizo tatu.

Nazipima zote kwa kipimo kimoja. Programu nzuri ya fani hii inakulazimisha kumpa mtu mwingine maandishi yako, kukaa kando ukiwa kimya, na kumtazama akiyatumia. Unaona anapokwama, anaporuka hatua, anapokisia. Kisha unaandika upya na kumrudia. Kama katika kozi zote za programu hakuna hata moja inayokufanyisha hivyo, basi utapata elimu nzuri ya kuandika kwa jumla, lakini hujafundishwa kazi hii.

Unachosoma darasani

Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT, kilianza mwaka 1960 kama kituo cha mafunzo ya jamii pale Nyegezi, kikawa chuo kikuu mwaka 1998. Uandishi wa habari na mawasiliano ya umma ndiyo fani iliyokijengea jina, na uzamili wake unafuata mstari huo: nadharia za mawasiliano, mbinu za utafiti, masuala ya vyombo vya habari, na mwisho tasnifu. Hutakuta kozi ya kuandika mwongozo wa mashine. Hutafundishwa mifumo ya kuhifadhi maudhui vipande vipande ili kipande kimoja kitumike kwenye nyaraka ishirini. Kwa upande wa zana, Malimbe inapitwa, na hakuna sababu ya kuficha jambo hilo.

Lakini itazame hiyo tasnifu. Mwanafunzi wa Malimbe anaweza kuchagua kuchunguza jinsi wavuvi wa mwalo wa Kirumba wanavyosoma maelekezo ya maboya ya kujiokolea, au wanavyofuata karatasi iliyokuja na taa za sola za kuvulia dagaa. Anaweza kuchunguza kama washiriki wa utafiti wa afya wanakumbuka nini walichokubali wiki moja baada ya kusaini. Anaweza kwenda Misungwi na Kwimba kuona mkulima ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kisukuma anafanya nini na lebo ya kiuatilifu iliyoandikwa Kiswahili cha ofisini. Mahojiano, vikundi vya majadiliano, uchunguzi wa kushuhudia: mbinu zilezile anazofundishwa kwa ajili ya kuchunguza wasikilizaji wa redio ndizo zinazotumika kupima maandishi ya kiufundi. Wasomaji wako wako umbali wa daladala moja. Mwanafunzi aliyeko Ulaya angetamani kuwa nao.

Programu za nje zimegawanyika zaidi ya inavyoonekana kwenye tovuti zao. Nyingi za Marekani hukaa ndani ya idara za Kiingereza, kwa hiyo balagha, yaani sanaa ya kutumia maneno kumfikia na kumshawishi mtu, ni nguzo yao. Mtu aliyetarajia kufundishwa programu za kompyuta tangu wiki ya kwanza anajikuta akisoma Aristotle na kujadili maana ya hadhira. Usiikimbie balagha. Ndiyo inayokufundisha kwa nini waraka sahihi kwa kila neno unaweza kumshinda msomaji. Pembeni yake kuna uhariri, usanifu wa taarifa, utafiti wa watumiaji, na usimamizi wa maudhui. Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah na Texas Tech ni mifano ya vyuo vinavyotoa uzamili wa fani hii kwa mtandao. Ulaya fani imeegemea zaidi viwanda, na sababu yake kubwa ni sheria: mashine ikiuzwa katika nchi ya Umoja wa Ulaya lazima iambatane na maelekezo katika lugha ya nchi hiyo. Mtengenezaji analazimika kuajiri mwandishi. Chuo Kikuu cha Limerick, Ireland, kimeunganisha mawasiliano ya kiufundi na uandaaji wa masomo ya kielektroniki, mchanganyiko unaonivutia kwa mtu wa Mwanza, maana hapa mwenye kuandika mwongozo ndiye huyohuyo huombwa kesho yake aendeshe mafunzo.

Kuna pengo moja ambalo programu ya nje haitakuzibia. Utafundishwa kuandika Kiingereza kwa msomaji wa Kiingereza. Kanuni nyingi zinavuka bila shida: sentensi fupi, hatua moja kwa mstari mmoja, kifaa kimoja kiitwe jina moja tangu mwanzo hadi mwisho, onyo litangulie hatua yenye hatari badala ya kuifuata. Zilizobaki utazijenga mwenyewe kwa Kiswahili, na kama hutaomba ruhusa ya kufanya angalau miradi miwili kwa Kiswahili, utarudi na jalada la kazi, yaani mkusanyiko wa maandishi yako ya kuonyesha, lisilomfaa mwajiri wako wa hapa. Waulize mapema, kabla hujalipa. Wakufunzi wengine hufurahi sana kupata mwanafunzi mwenye hadhira ambayo hawajawahi kuifikiria. Wengine watasema hawawezi kusahihisha lugha wasiyoijua. Jibu lao litakusaidia kuchagua kuliko picha za majengo.

Saa, umeme na usingizi

Suala hili watu hulichukulia kama dogo, kisha linawaondoa kwenye masomo mwaka wa kwanza.

Neno "mtandaoni" lina maana mbili tofauti kabisa. Kuna kozi ambazo mihadhara imerekodiwa na kazi zina tarehe ya mwisho tu, na kuna kozi ambazo darasa hukutana moja kwa moja kila wiki. Kipindi cha moja kwa moja kikipangwa saa kumi na mbili jioni kwa saa za Texas, kwako Mwanza ni saa tisa usiku wakati wa majira yao ya baridi, na saa nane usiku wakisogeza saa zao mbele majira ya joto. Kipindi cha saa hiyohiyo jioni kutoka Ireland kinakufikia saa tatu usiku, au saa mbili. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mtu anayeingia zamu ya asubuhi kiwandani au mwenye mtoto mchanga. Mtu mwenye kazi ya kutwa na familia, mimi ningemwelekeza kwanza kwenye programu za Ireland na Uingereza, au za Marekani zisizo na vipindi vya moja kwa moja, hata kama jina la chuo ni dogo.

Halafu kuna umeme na bando. Kusoma makala na kuandika kunahitaji intaneti kidogo sana. Kinachokula bando ni video na vikao. Tafuta mahali pa pili pa kusomea kabla ya muhula kuanza, penye jenereta au sola, na uwaandikie wakufunzi mapema kwamba ukipotea hewani katikati ya kikao si utoro.

Malimbe haina tatizo hilo, ina la kwake: ni darasa la kuhudhuria. Anayekaa Buhongwa anaweza kulimudu. Anayefanya kazi Geita hawezi kuja na kurudi kila siku, hata kama Daraja la Magufuli lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa ile foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi. Uliza ratiba halisi ya muhula ujao kwenye ofisi ya uzamili. Ratiba ya mwaka juzi usiitegemee.

Fedha

Uzamili wa Marekani huwa na krediti, yaani vipimo vya uzito wa kozi, kati ya 30 na 36. Bei hutangazwa kwa krediti moja, ndiyo maana huonekana nafuu. Chuo kikitoza dola 400 kwa krediti, krediti 30 ni dola 12,000, na hapo hujaweka ada ya teknolojia, vitabu na makato ya benki kila unapotuma fedha. Soma pia kama mwanafunzi wa mtandaoni aliye nje ya jimbo anatozwa sawa na mwenyeji. Vyuo vingine hufanya hivyo, vingine humtoza mara mbili na zaidi. Faida moja ya njia hii ni kwamba unalipa kozi kwa kozi. Mwaka ukiwa mgumu unachukua kozi moja.

Malimbe unalipa kwa shilingi, kwa awamu, na mshahara wako unaendelea kuingia kwa shilingi. Ni nafuu kwa kiasi kikubwa, na hilo peke yake lingetosha kumaliza mjadala kwa watu wengi. Ninaloongeza ni kwamba sehemu ya tofauti hiyo ya bei itumike kununua kile Malimbe haikupi: kompyuta nzuri, safari za kwenda kwa wasomaji, na muda wa kujifunza zana.

Ukaaji ng'ambo unalipwa kwa namna nyingine. Idara nyingi za Marekani humpa mwanafunzi wa uzamili kazi ya usaidizi, mara nyingi kufundisha uandishi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na kwa malipo yake humfutia ada yote au sehemu na kumpa posho. Kazi hiyo kwa kawaida ni saa 20 kwa wiki, na viza ya mwanafunzi nayo inaweka kikomo hichohicho wakati wa muhula. Kwa mwalimu aliyezoea madarasa ya wanafunzi mia, hii ni nafasi ya kweli. Nafasi hizi lakini karibu zote ni za waliopo chuoni, kwa hiyo usizihesabu unapopanga kusoma ukiwa Mwanza. Na masharti ya viza ya Marekani kwa waombaji wa nchi zetu yamekuwa yakikazwa na kubadilishwa kwa matangazo ya serikali yao. Soma hali ya siku hiyo kwenye tovuti ya ubalozi kabla ya kulipa ada yoyote, maana barua ya udahili haifungui mpaka. Kwa sababu hiyo sasa hivi naiweka njia hii nyuma ya zile mbili, ingawa kwa mafunzo peke yake ndiyo yenye nguvu kuliko zote.

Cheti kikirudi nyumbani

Ukitaka kuajiriwa serikalini au kufundisha chuo, cheti cha nje kitapitia kwa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kutathminiwa. Waandikie kabla ya kujiunga, ukitaja jina la chuo, jina kamili la programu na kwamba itasomwa kwa mtandao. Jibu la maandishi ulitunze. Cheti cha SAUT hakina safari hiyo.

Kwa mwajiri binafsi mambo ni tofauti. Meneja wa kiwanda au mradi wa afya atataka kuona ulichoandika. "Uzamili wa mawasiliano ya umma" ataufahamu mara moja. "Uzamili wa mawasiliano ya kiufundi" utalazimika kumweleza, na maelezo bora ni kumwekea mezani mwongozo wa awali, mwongozo ulioandika upya, na ukurasa mmoja unaoonyesha wafanyakazi walikosea wapi kwenye ule wa kwanza na hawakukosea kwenye wa pili. Jalada la namna hiyo linaweza kutoka njia yoyote kati ya hizi.

Makala nyingi za zamani zitakushauri ujiunge na STC, chama cha Marekani cha waandishi wa kiufundi kilichoanza mwaka 1953. Chama hicho kilifungwa Januari 2025. Programu ambayo bado inajinadi kwa uhusiano wake na chama hicho haijafagia tovuti yake kwa muda, na nisingeacha kuwauliza mengine nayo yamesasishwa lini. Jumuiya ya Write the Docs, ya watu wanaoandika nyaraka za programu za kompyuta, ipo hai, na kuijua hakukugharimu kitu.

Bila shahada

Kama unayo tayari shahada ya uhandisi, famasia au kompyuta, na unachotaka ni kuandikia kampuni za programu za kompyuta ukiwa kwako Ilemela, sikushauri uzamili kwanza. Google wanatoa kozi za uandishi wa kiufundi bila malipo. Markdown, njia nyepesi ya kupanga maandishi kwa alama chache, unaijua kwa siku chache. Git, zana ya kutunza kila toleo la faili, inachukua muda zaidi, lakini iko wazi kwa kila mtu. DITA, mfumo wa kuandika maudhui vipande vipande uliozaliwa IBM na kuwa kiwango rasmi cha OASIS, shirika la viwango, mwaka 2005, unaweza kuuelewa kwa kusoma na kufanya mazoezi. Miradi ya programu huria inahitaji watu wa kurekebisha maelekezo yao, na kila unachorekebisha kinaonekana hadharani kwa jina lako. Baada ya mwaka wa kazi hiyo utajua kama unahitaji shahada, na ya nini.

Njia hii haimfai anayetaka kufundisha, kufanya utafiti au kupanda ngazi inayodai uzamili kwa maandishi. Wala haimfai mtu ambaye hajawahi kukosolewa maandishi yake na mhariri mkali. Kujisomea kunakupa zana, lakini hakukupi jicho la mtu mwingine juu ya kazi yako wiki baada ya wiki.

Wapo wanaouliza kama akili mnemba haijaimaliza fani. Imebadilisha sehemu ya kazi: rasimu ya kwanza ni rahisi kuipata. Haimjui mkata minofu wa zamu ya usiku, wala haijasimama pembeni yake kuona anasahau hatua gani. Kwa hiyo pima programu zote hizi kwa uzito wanaouweka kwenye utafiti wa watumiaji, hata zaidi ya ilivyokuwa miaka mitano iliyopita.

Ningemwelekeza nani wapi

Mwandishi wa habari au ofisa mawasiliano anayekaa Mwanza, ambaye wasomaji wake ni wa kanda hii na fedha yake ni ya mshahara: Malimbe, kwa sharti kwamba apate msimamizi wa tasnifu kabla ya kujisajili. Nenda na ukurasa mmoja wenye swali lako la utafiti. Akikwambia mada ya lebo za viuatilifu au fomu za ridhaa "si mawasiliano ya umma", mtafute mwingine. Akianza kukuuliza utawapataje washiriki, umempata.

Mhandisi, muuguzi au mtafiti mwenye ajira ya kudumu na mradi wa kimataifa nyuma yake: mtandaoni, kozi moja kila muhula, na kila zoezi la darasani alifanye kwa waraka halisi wa kazini kwake, kwa kibali. Mwajiri wa namna hiyo wakati mwingine hukubali kuchangia ada akiona nyaraka zake zinaboreka muhula kwa muhula. Nauamini mpango huu kuliko yote kwa mtu anayeweza kuumudu, kwa sababu unaunganisha wakufunzi wa fani yenyewe na wasomaji wa ziwani.

Anayetaka kuwa mhadhiri wa fani hii, awe miongoni mwa watakaoanzisha programu ya kwanza huku kwetu, avumilie suala la viza na atafute nafasi ya kukaa chuoni, Marekani au Ulaya. Huyo anahitaji maktaba, semina na marafiki wa taaluma, na hayo hayapatikani kwa vikao vya saa tisa usiku. Natamani sana mtu wa kanda hii aichague njia hiyo.

Kwa maombi ya nje, angalia mambo mawili yanayowakwamisha waombaji wetu. La kwanza ni GPA, yaani wastani wa alama zako. Vyuo vyetu hutumia kipimo cha 5.0, wao hutumia 4.0. GPA ya 3.8 kwetu ni daraja la pili la juu. Ukiiandika ilivyo kwenye fomu yao, utakuwa umejipa alama ambazo huna, na transkripti itakuumbua. Andika 3.8 kati ya 5.0, na uambatishe ukurasa wa chuo chako unaoeleza madaraja. La pili ni barua za mapendekezo, kwa kawaida mbili au tatu. Mfumo wa chuo humtumia mpendekezaji kiungo moja kwa moja, na wengi hutaka anuani ya barua pepe ya taasisi. Mhadhiri wako anayetumia anuani ya binafsi tu, au anayefungua barua pepe mara moja kwa mwezi, anaweza kukukosesha mwaka mzima. Tarehe za mwisho kwa masomo ya Agosti mara nyingi huangukia kati ya Desemba na Februari, wakati ambao wahadhiri wako wamezama kwenye mitihani na likizo. Mwone mwezi Septemba, mpe nakala ya kazi uliyowahi kumwandikia na orodha ya vyuo, kisha mkumbushe kwa simu wiki ambayo kiungo kitatumwa.